UZI: Hamira iliyokataa kuachana, na nguvu zinazoufinyanga mwili kabla jeni hazijasema neno

Mdadisi_Kimya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatanikosea.

Kuna swali limeniganda kichwani. Darasani tuliambiwa jeni ni ramani ya mwili. Haya. Lakini ukiifungua hiyo ramani hukuti mchoro. Unakuta maelekezo ya kutengeneza protini: ipi, lini, kiasi gani. Hakuna palipoandikwa "utumbo ujikunje hapa". Sasa umbo linatoka wapi?

Msimamo wangu, na ndio naomba mupige msasa, ni kwamba sehemu kubwa ya umbo inapatikana bure. Seli zikishikamana tu, zimeshaingia chini ya amri ambazo haziwezi kuzikwepa: kubanana, kuvutana, kuzama, kukatika, hewa kuchelewa kufika ndani. Amri hizo zinatoa umbo kabla jeni yoyote haijapewa kazi hiyo. Jeni zinafika baadaye, zinalikuta umbo lipo, zinalikamata na kulirekebisha.

Nianze na hamira, maana ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Mwaka 2012 wanabiolojia William Ratcliff, Michael Travisano na wenzao walichapisha jaribio ambalo ukilisoma mara ya kwanza unadhani ni mzaha. Walichukua Saccharomyces cerevisiae, hamira ile ile tunayoijua, ambayo kila seli huishi kivyake. Wakaikuza kwenye mirija ya majimaji yenye chakula, inatikiswa mchana kutwa na usiku kucha. Kila siku mrija unasimamishwa kwa muda mfupi, kilichotuama chini kinahamishiwa mrija mpya, kinachoelea kinamwagwa. Basi. Hakuna kemikali ya ajabu, hakuna aliyegusa jeni. Sharti ni moja tu: anayezama haraka ndiye anayeiona kesho.

Ndani ya siku 60 mirija ilikuwa imetawaliwa na vitonge vyenye matawi, mfano wa chembe ya theluji.

Vilitokeaje? Hamira huzaa kwa kuchipua. Mtoto anatokeza ubavuni mwa mama, ananenepa, kisha ukuta unaowaunganisha unakatwa na kila mmoja anashika njia yake. Kwenye vitonge hivi jeni iitwayo ACE2, inayosimamia huko kukata, ilikuwa imeharibika. Mtoto haachani na mama. Naye anachipua wake, na huyo wake, mpaka mti mzima. Angalieni vizuri: hapa hakuna jeni mpya iliyoingia kazini. Kuna moja iliyoacha kazi.

Na bado sijafika penyewe. Kitonge kikikua, seli za ndani zinakosa nafasi. Zinasukumana. Msukumo unapanda mpaka kiungo kimoja kinashindwa, tawi linakatika, linaelea pembeni na kuanza kuwa kitonge kipya. Yaani kitonge kimezaa! Hakuna jeni ya "vitonge vizae", ni kubanana tu kumefika kikomo. Na kwa kuwa kilichokatika ni tawi, seli zake zote ni uzao wa seli moja iliyokuwa shinani mwa tawi hilo. Ndugu wa damu kabisa. Uteuzi asilia sasa una kitu cha kuchagua: kitonge dhidi ya kitonge, si seli dhidi ya seli.

Mzunguko mzima wa maisha ya kiumbe chenye seli nyingi umeletwa na kukatika. Niambieni kama mimi ndiye nimechanganyikiwa.

---

Jabali_la_Hoja

Mkuu umeandika vizuri lakini umeruka mtaro mmoja. Hamira ni ukoo wa kuvu. Mababu zake wa zamani walikuwa na nyuzinyuzi za seli nyingi. Huenda mlichokiona maabara ni kumbukumbu ya zamani imeamshwa, si umbo jipya kuzaliwa. Ukimfundisha mjukuu wa mvuvi kuogelea akaweza siku ya pili, usitangaze kwamba maji ndiyo yamemfundisha.

---

Mdadisi_Kimya

Hoja nzito, na wataalamu wenyewe waliitoa mapema. Ndiyo maana kazi ikarudiwa kwa Chlamydomonas reinhardtii, mwani wa kijani wa seli moja ambaye ukoo wake hauna historia hiyo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya kumweka pamoja na adui, Paramecium, anayewinda kwa kumeza. Seli moja inamezeka, kitonge hakipiti mdomoni. Kati ya makundi matano ya mwani, mawili yaligeuka kuwa ya seli nyingi. Matatu hayakugeuka, na hilo sitalificha.

---

MpitaNjia

Niko hapa nimekaa mkao wa kusoma. Endeleeni.

---

Mwl_Biolojia

Niongeze kwa upande wa hamira, maana mwanzisha uzi kaishia 2012 na utamu uko mbele.

Kundi hilo hilo liliendelea kuichagua hamira hiyo kwa siku 600, vizazi kama 3,000, na matokeo yakatoka 2023. Vitonge vya mwanzo vilikuwa dhaifu, ukivigusa vinamomonyoka. Mwishoni vilikuwa vikubwa mara 20,000 hivi, vinaonekana kwa macho bila hadubini, na ugumu wake umepanda mara 10,000 hivi. Uimara ulitoka chini ya ule wa jelatini ukakaribia ule wa mbao.

Ajabu ni njia iliyotumika. Hazikubuni gundi. Seli zilirefuka tu, kutoka karibu mviringo mpaka urefu unaozidi mara mbili ya upana. Seli ndefu zinaachiana nafasi ndani ya kitonge, msukumo unapungua, kitonge kinakua zaidi kabla ya kukatika. Kisha kwa kuwa matawi ni marefu yakaanza kupitana na kusokotana kama mizizi ya miti miwili iliyopandwa karibu. Tawi likikatika haliondoki, limenaswa na wenzake. Kwa hiyo kuna jeni zilizobadilika, ndiyo, lakini zilibadilisha urefu wa seli. Uimara wa mbao ukaletwa na jiometri.

---

Asha_Hadubini

Mwalimu umesahau kipande cha hewa, nami ndicho nakipenda kuliko vyote.

Kwenye jaribio hilo la siku 600 kulikuwa na makundi ya hamira yaliyoweza kutumia oksijeni na mengine yasiyoweza kabisa. Ungeniuliza kabla ningekwambia yenye oksijeni ndiyo yatakuwa makubwa, si yana nishati zaidi? Ikawa kinyume. Yasiyotumia oksijeni ndiyo yaliyofikia ukubwa wa kuonekana kwa macho. Yanayoitumia yalibaki madogo.

Sababu ni hesabu ya usambaaji. Molekuli ndani ya maji haitembei mstari ulionyooka, inapepesuka kama mlevi. Ukiongeza umbali mara kumi, muda unaongezeka mara mia. Kwa oksijeni majini, upana wa seli moja ya wastani unavukwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Milimita moja, dakika nne hivi. Sentimita moja, kama saa saba. Mita moja, zaidi ya miaka saba. Na hapo hatujahesabu seli zilizo njiani zinazoinywa kabla haijafika. Kitonge kinachotegemea oksijeni kikinenepa, wa nje wanashiba, wa ndani wanakabwa, na kukua kunakuwa hasara. Asiyeitegemea hana deni hilo.

Halafu watu wanauliza kwa nini wanyama wakubwa wana moyo, mapafu na mishipa, na kwa nini mnyoo bapa ni bapa. Mnyoo bapa hana mishipa ya damu. Unene ukimzidi anakufa. Ubapa wake ni jibu la hesabu hiyo hiyo.

---

Jabali_la_Hoja

Sasa hapo mmejifunga wenyewe. Kama kitonge kinene kinakabwa, hivi vya ukubwa wa kuonekana kwa macho vinakulaje? Sukari nayo inasambaa kwa kupepesuka.

---

Asha_Hadubini

Nilikuwa nakungoja hapo.

Seli zikila sukari iliyo jirani, majimaji ya pale yanakuwa mepesi kidogo kuliko yaliyo mbali. Mepesi yanapanda, mazito yenye sukari yanaingia chini yake. Unapata mkondo unaopita kitongeni, bila mjeledi hata mmoja (ule uzi wa seli unaopiga maji), bila moyo, bila chochote kilichojengwa kwa kazi hiyo. Wamepima mikondo hiyo kwenye hamira hii ya kukaa pamoja. Kula kwenyewe kunaleta chakula.

Linganisha na Volvox, yule mwani wa duara anayebingirika majini. Yeye ana mijeledi juu ya uso mzima, inapiga maji, inasogeza mwili na papo hapo inavuta virutubisho vipya. Huyo amelitatua tatizo kwa viungo, hamira amelitatua kwa kukaa tu ale.

---

Fundi_Cherehani

Samahani wakubwa, mimi si mtu wa sayansi, nashona. Mwanzisha uzi kasema hakuna palipoandikwa "utumbo ujikunje hapa". Nimebaki na hilo. Sasa utumbo unajikunjaje? Maana haujikunji ovyo, nimewahi kuona kuku wakipasuliwa wengi tu, mikunjo inafanana.

---

Mwl_Biolojia

Fundi, swali lako ndilo zuri kuliko yote humu, na wewe utalielewa haraka kuliko sisi.

Kiinitete cha kifaranga kikiwa bado yaini, utumbo unaanza kama mrija ulionyooka. Umeshikiliwa urefu wote na utando mwembamba unaouunganisha na mgongo. Mrija unakua haraka, utando unakua polepole. Vimeshonwa pamoja. Nini kinatokea?

---

Fundi_Cherehani

Marinda! Hiyo ni mpira wa kiunoni. Unauvuta mpira, unaushona kwenye kitambaa ukiwa umevutika, ukiuachia unarudi na kitambaa kinajikusanya. Huhitaji kuchora kila rinda.

---

Mwl_Biolojia

Umemaliza. Mwaka 2011 watafiti Thierry Savin, Clifford Tabin, L. Mahadevan na wenzao walifanya hivyo hivyo: walichukua karatasi ya mpira, wakaivuta, wakaishonea mrija wa mpira pembeni, wakaachia. Mrija ukajikunja kwa mizunguko inayofanana na utumbo wa kifaranga.

Kabla ya hapo walitenganisha utumbo halisi na utando wake kwa kukata. Utumbo ukanyooka. Utando ukanywea. Yaani kila kimoja kikiwa peke yake hakina mkunjo, mkunjo ulikuwa ugomvi wa wawili. Kisha wakapima unene, ugumu na kasi ya kukua kwa kware, kwa ndege mdogo mwingine, na kwa panya, na hesabu moja ikatabiri idadi na ukubwa wa mizunguko kwa wote.

Sasa rudi kwenye mageuko. Spishi mbili zinahitaji utumbo wa mikunjo tofauti. Haihitajiki jeni ya kila mkunjo. Unabadilisha kasi ya utando kukua, au unene wa mrija, kidogo tu, na mikunjo yote inajipanga upya yenyewe.

---

Jabali_la_Hoja

Naona mnapigiana makofi. Ngoja niwamwagie maji. Mnamkumbuka mamba?

Mwaka 2013 kundi la mtafiti Michel Milinkovitch kule Geneva lilisema magamba ya kichwa cha mamba hayapangwi na jeni kama magamba ya mwilini. Ni ngozi ngumu inayopasuka kama tope lililokauka. Hoja zilikuwa nzuri: magamba ya upande wa kulia hayalingani na ya kushoto, kila mamba ana yake. Kila mtu akashangilia fizikia. Mwaka 2024 kundi hilo hilo likarudi na kusema hapana, si kupasuka, ni kukunjamana: ngozi inakua haraka kuliko kilicho chini yake, inabanwa, inajikunja. Ndiyo wasiwasi wangu na hizi hadithi za mpira na tope. Kitu kikifanana na kitu si ushahidi kwamba vimetokea kwa njia moja.

---

Mdadisi_Kimya

Jabali, hapo nakuvulia kofia, na ninalikubali onyo. Kufanana ni mwanzo wa swali tu. Lakini angalia kilichowafanya wageuze kauli. Hawakukaa wakabishana. Waliwadunga viinitete wakiwa bado yaini protini inayochochea ngozi kukua, na mpangilio wa mikunjo ukabadilika kama hesabu ya kukunjamana inavyotaka. Kilichoanguka ni fizikia moja, ikasimama fizikia nyingine. Na lile la kulia kutolingana na kushoto bado liko palepale: kama kila gamba lingekuwa na amri yake ya jeni, pande mbili zingelingana.

Utumbo nao hawakuishia kwenye "unafanana na mpira". Walikata, wakapima, wakatabiri kwa wanyama ambao hawakuwa wamewaanzia.

---

Mwanafunzi_Milele

Wakuu naomba kueleweshwa. Je, nguvu zinaweza kuongea na jeni moja kwa moja? Au ni kila mtu na chumba chake?

---

Asha_Hadubini

Zinaongea. Mtafiti Emmanuel Farge, 2003, alitumia viinitete vya inzi wa matunda. Kuna jeni iitwayo twist, huwaka, yaani huanza kazi, sehemu maalumu tu. Alikibana kiinitete taratibu kati ya vioo, na twist ikawaka mahali ambapo kwa kawaida haiwaki. Mkandamizo ulitosha.

Ndipo naona njia mageuko yalipopita. Mwanzoni umbo linaleta mkandamizo, seli zinauhisi, zinaitika. Baadaye ukoo ukipata jeni inayowasha itikio hilo bila kungoja kubanwa, umbo linakuwa la kuaminika hata mazingira yakibadilika. Mwanabiolojia Stuart Newman amelitetea wazo la namna hii kwa miaka mingi: kwanza umbo la kifizikia, kisha jeni zinalifunga.

---

Jabali_la_Hoja

Hilo la "kwanza" ndilo nataka ushahidi. Nani alikuwepo?

---

Mwl_Biolojia

Hakuna aliyekuwepo, ila vipande vimesalia. Viumbe wa seli moja wa jamii ya Monosiga, majirani wa karibu wa wanyama kwenye ukoo, jenomu yao (jeni zao zote kwa pamoja) ilisomwa 2008 na ikakutwa na jeni 23 za kadherini. Kadherini ndizo protini zinazoshikanisha seli za wanyama. Kiumbe wa seli moja, hana mwili wa kuushikanisha, na gundi anayo! Huenda anaitumia kwa kazi nyingine.

Na gundi ikishakuwepo, wingi wake tu unatosha kujenga tabaka. Mwanabiolojia Malcolm Steinberg alilieleza hivi: seli zinazoshikana sana na zinazoshikana kidogo zikichanganywa zinajitenga kama maji na mafuta, wenye kushikana sana ndani, wengine nje. Baadaye ilionyeshwa kwa seli zilizotofautiana kwa kiasi cha kadherini peke yake. Hakuna anayewaambia waende wapi. Henry Van Peters Wilson aliona kitu cha kushangaza mapema zaidi, 1907: alimkamua sifongo wa baharini kwenye kitambaa laini mpaka seli zikatawanyika, nazo zikarudi kukusanyika na kuwa sifongo.

Ongeza hili. Volvox carteri ana seli kama 2,000 zenye mgawanyo wa kazi, na kiinitete chake hujipindua chote, cha ndani kikaja nje. Jirani yake Chlamydomonas ni seli moja. Jenomu ya Volvox ilipotoka 2010, kila mmoja alikutwa na jeni takriban 14,500. Hukuti rundo la jeni mpya za "umbo".

---

Jabali_la_Hoja

Sawa. Ninakubali kadherini, ninakubali utumbo. Sikubali "bure" ya mwanzisha uzi. Seli ndefu za hamira ziliteuliwa kwa vizazi 3,000, na wasiozama wakamwagwa kila siku. Hiyo ni bei.

---

Mdadisi_Kimya

Nimeelewa, na neno "bure" nalifuta. Niseme hivi: umbo la kwanza linakuja kwa mkopo wa fizikia, na uteuzi ndio unaolipa marejesho.

---

MpitaNjia

Wamepatana!! Sikutegemea.

---

Fundi_Cherehani

Nimerudi. Jana nilikuwa na vipande vya mpira mpana vimebaki, nikajaribu. Nikashona mrija wa kitambaa chembamba, nikaushonea kwenye ukingo wa mpira uliovutwa mpaka karibu mara mbili, nikaachia. Mikunjo tisa. Kisha urefu ule ule, mpira ule ule, ila mrija wa kitambaa kizito cha koti. Mikunjo minne, mikubwa, imelala upande huu na ule kabisa kama ya kuku.

Mwalimu, mrija wa tatu nimeutia kitambaa chembamba nusu na kizito nusu. Nikiumaliza naweka picha.

---

Mwl_Biolojia

Fundi, kabla hujauachia niandikie hapa unadhani mikunjo itakaaje.

---

Fundi_Cherehani

Midogo midogo upande mwembamba, mikubwa upande mzito. Pale katikati kwenye mshono sijui. Subirini.